Mchezaji Anayeitwa Mwanvua

Kisangani, 17 Novemba 2002

Mdogo wangu Mwanvua,

Barua hii nimempa mfanyabiashara wa chumvi anayepanda ndege ya mizigo kuja Kindu. Akikukosa nyumbani atakutafuta shuleni. Usiisome mbele ya Baba.

Mimi kaka yako niliondoka bila kukuaga kwa sababu ungelia, nami nisingeweza kwenda. Sasa una miaka kumi na mitatu. Nitakueleza mambo yalivyokuwa, usije ukayapokea kwa watu wengine.

Mama ndiye aliyenituma ng'ambo, upande wa Alunguli, kutafuta mihogo kwa ndugu zake. Unakumbuka hali ilivyokuwa: wapiganaji wa Mai-Mai wameuzunguka mji, askari waliomo mjini hawamruhusu mtu kwenda shambani. Nilipoipata mihogo, askari wakawa wamekataza mitumbwi. Nikakaa ukingoni na gunia langu karibu juma zima. Kutoka pale nauona mji wetu, naona hata paa la stesheni. Ndani ya siku hizo homa ilimpanda Mama, akafariki, akazikwa, nami nimekaa natazama maji. Hakuna aliyekuja kuniambia.

Njia ilipofunguliwa, Bulaimu wa mitumbwi alinivusha. Katikati ya mto akaniambia kwamba asubuhi ya mazishi alitaka kunifuata, Baba akamkataza. Nilipofika nyumbani nikamwuliza Baba kama ni kweli. Akajibu, "Ni kweli. Mama yako amekwisha kuzikwa." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Weka mihogo chini."

Kuzika siku ileile ni desturi yetu, silaumu. Lakini kumkataza mtu asiniite, hilo sijui niliweke wapi. Ndiyo maana nimeondoka.

Soma sana.

Yaya wako,
Soudi


Kindu, 5 Januari 2003

Yaya Soudi,

Barua imefika. Nimeisoma chooni.

Baba hataji jina lako. Mtu akikutaja, yeye anatoka nje. Kule kwenye serkle, klabu ya watu wa reli, askari wamechoma meza zote za ping-pong, wamepikia chakula. Baba alikwenda kuangalia. Aliporudi aliiweka raketi yake juu ya kabati, nyuma kabisa, na mimi siifikii. Watu bado wanamwita bingwa. Haitikii.

Ninalala mahali pako sasa, karibu na dirisha. Ukirudi nitahama.

Mwanvua


Liège, Ubelgiji, 6 Oktoba 2024

Mwanvua,

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijibu "ndiyo" na "hapana" kama uko mbele ya polisi. Najua Baba anakaa karibu. Huku kwenye barua pepe hatafika.

Mama Pélagie wa vitenge anarudi Kinshasa wiki hii, kisha atapanda ndege ya Kindu. Nimempa sanduku lako. Ndani kuna kaske, kitu cha kuvaa usoni kama miwani mikubwa ya kuogelea, na vishikio viwili vya mkononi. Hakihitaji kompyuta wala waya, kina kila kitu ndani yake. Ukikivaa huoni tena chumba chako. Unajikuta katika ukumbi, mbele yako kuna meza ya ping-pong, na ng'ambo ya meza kuna mtu mwingine aliyevaa kaske yake huko kwao. Unaweza kucheza na mtu wa Brazili au wa Poland. Mimi nataka kucheza na wewe.

Ninafanya kazi katika ghala, naendesha mashine ya kupakia maboksi. Siku nzima mashine inalia, sauti ya mtu siisikii. Ukiniuliza ninachokosa huku, sitakutajia mambo makubwa. Nakosa kucheza na mtu ninayemjua.

Jina lako nimekwisha kuliandika humo: "Mwanvua Kindu". Jumapili alasiri nitakuwepo. Baba akiuliza, mwambie ni kitu cha kazi.

Soudi


Kindu, 3 Novemba 2024

Yaya,

Sanduku limefika. Pélagie alilifunga ndani ya vitenge, watu wa uwanja wa ndege wakadhani ni bidhaa yake tu.

Mara ya kwanza nimevaa, nikacheza kidogo, nikakimbilia uani kutapika. Emerance, jirani mwenye plake za umeme wa jua anayechajia watu simu, alidhani nina mimba akaanza kunipongeza. Mara ya pili nilipiga ukuta kwa mkono. Mara ya tatu ulinishinda pointi kumi na moja kwa moja, na hiyo moja nadhani uliniachia.

Kaske tunaichajia kwa Emerance. Intaneti naitoa kwenye simu, na mega zinakwisha upesi, kwa hiyo sauti nimeizima. Tutacheza bila kuongea. Maneno tutayaweka hapa.

Baba ameuliza. Nimemwambia ni chombo cha mafunzo ya ushonaji. Alikiangalia, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani. Mguu wake wa kulia unamsumbua, siku hizi hafiki hata msikitini ila Ijumaa. Anakaa sebuleni mchana kutwa akisikiliza redio.

Mwanvua


Liège, 15 Desemba 2024

Mwanvua,

Nikupongeze au nikushitaki? Mwezi mmoja uliopita ulikuwa unapiga mpira kama mtu anayefukuza nzi. Jumapili iliyopita umenifunga michezo mitatu mfululizo. Tena kwa mkono wa kushoto. Umeanza lini kutumia kushoto?

Nimeangalia orodha ya wachezaji. "Mwanvua Kindu" amewapiga watu wa nchi ambazo mimi mwenyewe sijui ziko wapi. Mpolandi mmoja ameacha ujumbe akiuliza huyu mwanamke alifundishwa na nani. Nikatembea na jambo hilo ghalani wiki nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Soudi


Kindu, 2 Februari 2025

Yaya,

Samahani kwa kukaa kimya. Goma imechukuliwa na waasi, umesikia. Huku hatujaona kitu bado, lakini watu wanaongea kwa sauti ndogo sokoni, na wateja wangu hawashoneshi tena nguo za sherehe. Wanashonesha mifuko. Emerance ameanza kufunga duka mapema. Mimi nalala vizuri, ila nimeweka viatu karibu na mlango.

Kuhusu mkono wa kushoto, wa kulia uliumia kwenye cherehani. Nimezoea tu.

Baba hajambo.

Mwanvua


Liège, 9 Februari 2025

Mwanvua,

Leo sikucheza vizuri kwa sababu nilikuwa natazama.

Kwenye mchezo huu mwili hauonekani. Unaona kichwa kinachoelea, raketi, na mkono wa pili mtupu. Kila mara kabla ya servisi, yaani kuanzisha mpira, huo mkono mtupu unashuka kwenye kona ya meza na kuifuta mara mbili. Meza hiyo haipo. Hapo ulipo ni hewa tu ya sebule yetu ya mtaa wa Kasuku, hakuna jasho wala vumbi la kufuta. Lakini mkono unafuta.

Ni mtu mmoja tu ninayemjua anayefanya hivyo. Nilisimama nyuma yake kwenye serkle ya reli nikiwa na miaka saba, nikimshikia taulo.

Nilipoteza pointi tano nikiwa nimesimama tu. Kisha naye akaona, akangoja. Hakupiga mpira mpaka nilipoinua raketi.

Niambie tangu lini. Na niambie kama anajua ni mimi.

Soudi


Kindu, 12 Februari 2025

Yaya Soudi,

Tangu mwezi wa kumi na moja.

Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta sebuleni amesimama, kaske usoni, kanzu ameifunga kiunoni. Kioo cha taa kimevunjika chini. Alikuwa anapiga hewa kwa mkono wa kushoto, na ule mguu mbovu anausogeza kama kijana. Nikakaa mlangoni. Alipovua, macho yalikuwa mekundu kwa ule ukanda wa kaske unaobana. Aliniangalia kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani. Akasema, "Hii ushonaji yenu iko nguvu."

Tangu hapo anacheza kila siku. Nimesogeza makochi ukutani. Asubuhi anapiga na watu wa mbali, Jumapili anapiga na wewe. Mimi sikumwambia kwamba ni wewe. Nilimwambia ni Mbelgiji mmoja. Na wewe sikukuambia kwa sababu niliogopa ungeacha, na yeye angerudi kwenye redio. Basi nilikuwa nadanganya pande mbili na nyumba imetulia. Sijawahi kuwa na amani kama ile.

Leo baada ya kusoma barua yako nimemwambia kwamba umejua. Alikuwa anakula. Akatafuna kwanza mpaka akamaliza, akasema, "Amechukua muda."

Nikamwuliza, "Kumbe Baba ulijua ni Soudi?"

Akasema, "Ile servisi nimeifundisha mimi. Unafikiri Mbelgiji ameiokota wapi?"

Kwa hiyo mmejuana. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nadhani nina siri. Jumapili nitanunua mega za kutosha na sauti nitaifungua. Mkitaka kunyamaza, nyamazeni, lakini si kwa sababu ya mega zangu.

Mwanvua


Liège, 23 Februari 2025

Mwanvua,

Ulitoka ukatuacha, kwa hiyo nakuandikia mambo yalivyokwenda. Nadhani yeye hatakusimulia.

Kwanza nilisikia pumzi zake. Halafu jogoo wa kwa Emerance. Nikasema, "Asalaam aleikum, Baba."

Akajibu, "Waaleikum salaam. Anza weye."

Nikaanza. Tukacheza mchezo mzima namna hiyo. Baada ya pointi ya mwisho akasema, "Servisi yako iko ya kivivu."

Nikasema, "Njo ile ile ulinifundisha."

"Mimi sikufundisha uvivu."

Mchezo wa pili, tukiwa sare, niliushika mpira nikauliza. Sikupanga kuuliza. Nilisema, "Baba, mwaka ule, kwa nini ulimkataza Bulaimu?"

Kwenye meza ya kweli angeweza kuinama aokote kitu, au kwenda kunywa maji. Humo ndani hakuna pa kwenda. Kichwa chake kilikaa palepale mbele yangu, kimegeukia upande kidogo. Akasema polepole, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Asubuhi ile nilikwenda kutafuta sanda. Nikapita bandarini. Kulikuwa mutumbwi katikati ya maji, mama moja na watoto wake. Askari wakaupiga risasi. Nimeona kwa macho yangu. Nilirudi nyumbani nikakuta Bulaimu amekwisha kubeba kasia, anataka kwenda kukuita. Nikamunyang'anya. Nilimwambia, huyu mutoto akisikia habari ya mama yake atavuka, hakuna muntu wa kumushika. Niko na maiti moja ndani ya nyumba. Sitaki mbili."

Nikasema, "Ungeniambia."

"Uliingia na hasira."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Baba."

"Ndiyo, njo hivyo. Na mimi nilikuwa nimekuona mlangoni, muzima, na gunia kichwani. Nilitafuta neno nikapata lile la mihogo."

Nikauliza kwa nini hakutuma neno baadaye, miaka yote hii. Akasema mwanzoni alidhani nitarudi, kwa hiyo aliliweka neno akiningoja. Baadaye likawa zito mno kulitia kwenye simu. Halafu akasema, "Tuko sare. Piga."

Nilipiga nje. Yeye alishinda, akaniaga, akavua kaske, nikabaki ukumbini peke yangu na meza. Mtu mmoja akaja akaniuliza kwa Kifaransa kama ninatafuta mpinzani. Nilimwambia hapana.

Nimeomba likizo. Nataka kuja mwezi ujao.

Soudi


Kindu, 2 Machi 2025

Yaya,

Subiri kidogo. Bukavu nayo imekwenda. Kila wiki wanakuja watu waliotembea porini, wengine wanalala kwenye madarasa. Ndege zinafika siku zinazotaka zenyewe. Hapa mjini tuko, tunakula, tunauza, lakini hakuna anayejua wiki ijayo ikoje.

Nilimsomea Baba ile sehemu ya likizo tu. Nilitegemea atasema, "Asije," basi. Alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema: "Muambie hali namna iko, yote, usipunguze. Mwaka ule niliamua mahali pake. Sasa aamue mwenyewe."

Hali nimekwisha kukuandikia. Mimi nikiulizwa, nasema ngoja mwezi wa saba. Lakini sijaulizwa.

Mwanvua


Liège, 9 Machi 2025

Mwanvua,

Nimeisoma mara nyingi. Nitangoja mwezi wa saba. Mwambie nimeamua mwenyewe.

Soudi


Liège, 24 Agosti 2025

Mwanvua,

Nimefika salama kutoka huko kwenu, nimerudi kazini, kitenge nilichopewa na Pélagie nimekitundika ukutani kwa kukosa mahali pengine.

Nataka nikuambie jambo ambalo sikuweza kukuambia nikiwa huko, kwa sababu ulikuwa unafurahi. Nilikwenda kumwona Baba, na sikumwona. Nilimwona mzee anayenikaribisha. Siku ya kwanza mlijaza nyumba: majirani, watu wa msikiti, wastaafu wa reli, Emerance na dada zake. Siku ya pili vilevile. Ninyi mnapika, watu wanauliza Ulaya kukoje, Baba amekaa kwenye kochi lake, nami kwenye lingine, kama wageni wawili waliofika pamoja. Akiniuliza, ananiuliza juu ya ndege. Nikimjibu, namjibu juu ya ndege.

Tulikwenda kaburini, wanaume kumi wote nyuma yetu. Alinionyesha kwa fimbo, akasema, "Ni hapa." Tukasoma dua. Nilitaka kusema kitu. Mmoja wa wale wazee akaanza kueleza bei ya saruji ya kujengea kaburi, na sisi sote tukamsikiliza.

Siku ya kuondoka alinipa mkono. Mkono wake ni mdogo kuliko nilivyodhani. Kwenye mchezo mikono yote ina ukubwa mmoja.

Nilikaa naye siku zote zile na sikupata hata nusu ya yale niliyoyapata ile Jumapili moja ya Februari. Labda mambo yetu yalikuwa yale, tukayamaliza. Sina hasira. Naandika tu ili mtu mmoja ajue.

Kaske sijaifungua tangu nirudi.

Soudi


Kindu, 7 Septemba 2025

Yaya Soudi,

Nimeisoma barua yako, nami sina la kuongeza, ila kwamba ulipoondoka Baba alikaa siku mbili bila redio. Siku ya tatu akauliza, "Soudi haingii tena mule?" Nikamwambia umechoka na safari. Leo ameniambia nimfundishe kuandika kwenye simu. Imetuchukua mchana wote. Hakutaka nimwandikie, na hakutaka nisome, lakini ilibidi nimtafutie herufi, kwa hiyo nimesoma. Sikugusa kitu. Iko hapa chini.

Mwanvua


Kindu, siku hiyo hiyo

Soudi mwanangu,

Mwanvua yuko karibu yangu ananionyesha herufi, kwa hiyo sitaandika mingi.

Kila Jumapili nimevaa ile kitu nikakungojea. Wewe hukuingia. Nilipiga na yule wa Poland, anacheza vizuri lakini hana la kusema.

Ulipokuwa hapa watu walikuwa wengi. Mimi tangu zamani siwezi kusema mbele ya watu. Mama yako alijua hivyo, alikuwa anawafukuza kwa njia ya adabu. Mwanvua hajui kufukuza. Kaburini nilitaka kukushika mkono, nikaona wale wazee wanatuangalia, nikashika fimbo.

Mimi nilikuona. Labda wewe unafikiri hatukuonana. Nilikuona unavyokula, unavyokohoa, umekuwa na mvi upande wa kulia kama babu yako. Niliyatazama hayo yote.

Jambo lingine. Kwenye mchezo wa mwisho kabla ya safari uliniachia pointi. Usifanye tena. Mtu akinionea huruma nasikia.

Jumapili nitakuwa ndani. Na kama Mungu atakuruhusu kuja tena, usije kiangazi. Njoo mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa kali. Njia ya kwetu inajaa tope, na watu wote wanabaki kwao. Tutakaa wawili.

Baba yako,
Waziri